Kompyuta inazima na kuwaka yenyewe katikati ya kuhamia Windows 11

SWALI: Habari za kazi, fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, Morogoro. Nina kompyuta mpakato yenye Core i5 ya kizazi cha 5, ilikuwa inatumia Windows 10. Kijana mmoja wa mtaani kwetu alichomeka flashi akaanza kuipandisha kwenda Windows 11. Ilifika katikati, ikazima, ikawaka, na tangu jana jioni inarudia hayo hayo: nembo, vidoti vinazunguka, kioo kinakuwa cheusi, nembo tena. Sasa anasema dawa ni kupiga window upya. Humo ndani kuna alama za wanafunzi na mitihani niliyotunga, na sina nakala popote. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu, pole sana. Mwambie huyo kijana asubiri kwanza. Windows inapopandishwa toleo haifuti ile ya zamani papo hapo. Inaiweka pembeni kwenye folda inayoitwa Windows.old, na kazi zako hubaki kwenye diski. Kwa hiyo uwezekano ni mkubwa kwamba alama na mitihani yako bado ipo. Kinachoweza kuiondoa ni kufomati, yaani kuifuta diski yote, na ndicho atakachofanya akipiga window upya bila kuhamisha kitu.

Kuzima na kuwaka mara kadhaa wakati wa kupandisha ni kawaida, ilimradi asilimia zinasogea. Kwenye mashine yenye diski ya zamani ile ya kuzunguka, kazi inaweza kuchukua saa nyingi, na ukiikatisha njiani unaweza kuharibu zaidi. Ila yako imerudia vilevile tangu jana jioni bila kuonyesha asilimia yoyote. Hiyo imekwama, unaweza kuizima bila hofu.

Chomoa kila kitu: flashi, modemu, printa, kadi ya kumbukumbu, hata mausi. Mara nyingine flashi iliyosahauliwa ndiyo inayoirudisha mashine mwanzo kila inapowaka. Acha chaja tu, na betri iwe na chaji ya kutosha ili umeme ukikatika usiongeze tatizo juu ya tatizo. Bonyeza kitufe cha kuwashia bila kuachia mpaka izime kabisa, kisha iwashe.

Ikirudia mchezo wake, izime kwa kitufe mara tu vidoti vinapoanza kuzunguka. Fanya hivyo mara mbili au tatu mfululizo. Windows ikiona imeshindwa kuwaka mara kadhaa, huleta yenyewe ukurasa wa bluu wa matengenezo. Humo ingia "Troubleshoot", halafu "Advanced options".

Huenda ikakudai ufunguo wa BitLocker wenye tarakimu 48. Usishtuke, maana yake diski imefungwa kwa usalama. Tumia simu kuingia account.microsoft.com/devices/recoverykey kwa akaunti ya Microsoft iliyotumika kwenye mashine, ulinganishe kitambulisho cha ufunguo kinachoonekana kwenye kioo na kile cha kwenye akaunti. Fundi akikuambia ana njia ya kupita bila ufunguo, usimpe mashine.

Kabla ya kutengeneza chochote, toa kazi zako. Chomeka flashi safi, uchague "Command Prompt". Utaona dirisha jeusi: andika notepad, bonyeza Enter. Ikifunguka ile programu ya kuandikia, nenda "File", kisha "Open", na pale chini penye aina za faili chagua "All Files". Hapo diski zako zote zinaonekana. Herufi zinaweza kuwa zimebadilika, C ikawa D, kwa hiyo ifuate ile yenye folda ya Users, ufungue yenye jina lako. Usipoyakuta mafaili hapo, tazama ndani ya Windows.old, kwenye Users vilevile. Bonyeza kulia juu ya folda, "Copy", kisha nenda kwenye flashi, "Paste". Dirisha litaganda bila kuonyesha kazi inaendelea, nawe vumilia. Likirudi, funga na ufungue tena uone kama folda imefika, na ukifika kwenye kompyuta nyingine hakikisha mafaili yanafunguka.

Alama zikishakuwa salama, rudi "Advanced options", ingia "Uninstall Updates", kisha "Uninstall latest feature update". Hii ndiyo njia ya kuirudisha Windows 10 yako kama ilivyokuwa, na kwa hali kama yako naipendelea kuliko nyingine zote. Usicheleweshe, kwa sababu Windows.old hufutwa baada ya siku 10.

Ikikataa, rudi kwenye lile dirisha jeusi uandike chkdsk C: /f, ukiweka herufi uliyoiona mwanzo badala ya C kama imebadilika. Itakagua diski na kurekebisha makosa ya mpangilio wa mafaili. Kisha jaribu kurudisha tena.

Bado inazunguka? Basi tafuta sababu, na kule kuzima ndiko kunakoificha: kosa linatokea kioo kikapotea kabla hujasoma. Ingia "Startup Settings", bonyeza "Restart", ikija orodha bonyeza 9. Sasa mashine haitazima ikikosea, itasimama na kuonyesha msimbo. Upige picha kwa simu. INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE inaonyesha Windows imeshindwa kuifikia diski: huenda draiva yake (programu ndogo inayoiwezesha Windows kutumia kifaa) haikubaliani na toleo jipya, mpangilio wa BIOS (programu ya msingi inayoiwasha mashine) umebadilishwa, au diski yenyewe inakufa. Ukikutana na 0xC1900101, mara nyingi ni draiva. Kupiga window upya kunabaki kuwa hatua ya mwisho, na wakati huo hakuna cha kupoteza.

Jambo moja nataka ulijue kabla hujaruhusu mtu ajaribu tena. Kwa upande wa Intel, Microsoft inakubali Windows 11 kuanzia kizazi cha 8, ukiacha prosesa chache, na inataka TPM 2.0 (kifaa cha usalama kinachotunza funguo za siri ndani ya mashine), RAM ya GB 4 na diski ya GB 64. Yako ni ya kizazi cha 5, kwa hiyo huyo kijana alikwepa ukaguzi. Ziko mashine zinazokubali kwa njia hiyo zikafanya kazi, ila draiva zake hakuna anayezihakikishia. Wenye prosesa za zamani za Core 2 Duo wasijaribu kabisa: toleo la 24H2 la Windows 11 linahitaji amri za prosesa ambazo hazimo humo, halitawaka.

Ni kweli Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, lakini Microsoft iliweka mpango wa masasisho ya usalama kwa watumiaji wa kawaida hadi 13 Oktoba 2026. Mashine yako ikirudi, fungua "Settings", sehemu ya "Windows Update", utafute kiungo cha kujiandikisha. Kwa mashine ya kizazi cha 5 inayobeba alama za wanafunzi, mimi ningebaki kwenye Windows 10.

Ukikwama kwenye hatua yoyote, niandikie msimbo uliouona na uniambie kama diski inatoa mlio wa kugongagonga. Ikigonga, izime na usiiwashe tena mpaka mtu anayejua kuokoa data aishike.