Mtungi au pumzi?
Ndugu, umeuliza kama, unapovua chini ya maji kwa bunduki ya mshale, mtungi wa hewa utakupa samaki wengi kuliko kuzamia kwa pumzi, yaani kwa kubana pumzi tu. Kwa chewa aliyejificha pangoni mita 25 chini, ndiyo, mtungi unakupa muda. Kwa kolekole, sahau. Kila ukitoa pumzi mapovu yanapiga kelele, naye kashaondoka. Mzamiaji wa pumzi hulala kimya juu ya mchanga, hamkodolei samaki macho, na mara nyingi kolekole mwenyewe huja kuchungulia.

Hatari nazo ni mbalimbali. Wa mtungi akimfukuza samaki kwenda juu huku amebana pumzi, hewa ya mapafuni hutanuka mara mbili kutoka mita 10 hadi juu ya maji, na mapafu yanaweza kupasuka. Wa pumzi huweza kuzimia karibu kabisa na kuibuka, mara nyingi bila dalili, kwa hiyo lazima mwenzako awe juu anakuangalia. Na usiheme harakaharaka kabla ya kuzama, huko ni kujitafutia kuzimia.

Halafu sheria: Italia na Ufaransa haziruhusu kuvua kwa bunduki ya mshale ukiwa na mtungi. Kenya bunduki yenyewe ni marufuku tangu 2001, uwe na mtungi usiwe nao.