Wageni katika vita vya Afghanistan: maswali yenu

Je, ni Waarabu waliowatimua Wasovyeti?
Hapana. Vita vya 1979 hadi 1989, dhidi ya jeshi la Wasovyeti lililoivamia Afghanistan, walivibeba Waafghani wenyewe. Waarabu walikuwa elfu chache tu, na waliofika mstari wa mbele ni wachache zaidi. Silaha zilizolipiwa na Marekani na Saudia zilipitia idara ya ujasusi ya Pakistani, ISI, iliyozigawa kwa vyama 7 vya mujahidina, wapiganaji wa Kiafghani, vyenye makao Peshawar, mji wa Pakistani karibu na mpaka. Hata makombora ya Stinger, ya kurushwa kutoka begani, yaliyoanza kutungua helikopta mwaka 1986 walikabidhiwa Waafghani.

Basi wageni walifanya nini?
Zaidi walileta fedha na huduma. Mwaka 1984 mhubiri wa Kipalestina Abdullah Azzam na Msaudia Osama bin Laden walianzisha Maktab al-Khadamat (Ofisi ya Huduma) mjini Peshawar: kupokea wanaowasili, kuwapa malazi, kuchangisha pesa, kusaidia wakimbizi. Wengi hata mpaka hawakuuvuka. Mapigano ya Jaji, mahali pa mpakani ambapo Waarabu walipigana na Wasovyeti mwaka 1987, yaliwapa sifa kubwa kuliko uzito wake kivita.

Walielewana na wenyeji?
Kwa shida, na si lugha peke yake. Waafghani wengi ni Wahanafi: huitikia amina kimya, wala hawainui mikono wakienda rukuu. Vijana wa Kiarabu wa Kisalafi, wanaotaka ibada ifuate desturi za Waislamu wa kwanza tu, waliwakosoa hadharani, tena wakiwa wageni wao. Makaburi ya mashahidi huko husimikwa miti yenye vitambaa vya rangi. Wageni walipoving'oa, ugomvi ulizuka.

Kwa nini mujahidina walishindwa kuuteka Jalalabad, mji wa mashariki mwa Afghanistan, Machi 1989, baada ya Wasovyeti kuondoka?
Watu waliozoea kuvizia misafara na kutoweka milimani walipelekwa kuteka mji wenye mahandaki, mabomu ya ardhini na ndege za kuulinda, huku makombora makubwa ya Scud yakirushwa kutoka upande wa Kabul. Kila chama kilikuwa na amri yake. Baya zaidi, askari wa serikali waliojisalimisha waliuawa. Wenzao wakaona heri wapigane. Serikali ya Rais Najibullah, iliyoungwa mkono na Wasovyeti, ikadumu hadi Aprili 1992.

Kuna uhusiano na Afrika Mashariki?
Upo. Al-Qaida iliundwa Peshawar mwaka 1988, na baadhi ya waliohusika na milipuko ya Nairobi na Dar es Salaam, tarehe 7 Agosti 1998, walipitia kambi za Afghanistan. Waafghani nao hawakusalimika: tarehe 9 Septemba 2001, Waarabu wawili waliojifanya waandishi wa habari walimuua kwa bomu Ahmad Shah Massoud, kamanda aliyewasumbua Wasovyeti kwa miaka mingi katika bonde la Panjshir.