Nimeanza kusugua sarafu ya jajja (babu) kwa limao, huyu mwanamke ni nani?

SWALI: Habari yako mhariri, mi nipo Jinja, Uganda. Jajja wetu mzaa mama alikuwa mwanajeshi kule Misri wakati wa vita kuu ya pili, akatuachia sarafu nzito ya kijani, kubwa kushinda hii yetu ya mia tano yenye korongo. Mbele kuna kichwa cha mwanamke na maandishi DIVA FAVSTINA, nyuma mwanamke mwingine kasimama kashika masuke na kama mwenge, pembeni S na C. Mama anasema ni Bikira Maria. Nimesugua ukingo kwa limao na majivu ikatoka njano, ni dhahabu? Niendelee?

JIBU: Dada, weka hilo limao chini sasa hivi! Kijani hicho sio uchafu, ni ngozi ambayo shaba imejiotesha kwa karne nyingi, na alama ndogo ndogo za nywele na herufi ziko kwenye hiyo ngozi, ukiitoa hairudi tena na bei inaanguka. Njano sio dhahabu, ni shaba iliyochanganywa na zinki. Ipime kwanza, maana za kuigiza zipo nyingi, sestertius ya kweli, yaani sarafu kubwa ya Roma ya kale kama hiyo yako, huwa kama gramu 25.

Bikira Maria hapana, mama atusamehe. Huyo ni Faustina, mke wa Antoninus Pius mtawala wa Roma, hiyo V isome U. Angalia nywele, zimesukwa zikazungushwa juu kama kata ya kubebea mtungi, ndo alama yake. DIVA maana yake kafanywa mungu, yaani sarafu ilipigwa baada ya yeye kufa mwaka 140, na mume akaendelea kumpigia sarafu miaka na miaka, akaanzisha msaada wa kulea wasichana kwa jina lake, na nguzo za hekalu lake bado zimesimama Roma mpaka leo. Mi hilo linanigusa sana.

Wa nyuma ni Ceres, mungu wa nafaka, ndo masuke hayo, na mwenge ni kwa sababu alimtafuta binti yake usiku kucha. SC ni kwa idhini ya seneti.

Jinja kuna unyevu wa ziwa, iweke pakavu pamoja na vile vipakiti vinavyokuja kwenye boksi la viatu, na ukiona unga wa kijani mwepesi unatoka wapelekee watu wa makumbusho pale Kamwokya, Kampala. Halafu muulize mama, jajja alisema aliipatia wapi, uandike kwenye karatasi ikae nayo.