Mbona wengine hupewa dawa ya kuzuia uchungu wa kuzaa unaokuja mapema?

Dadangu, umeuliza mbona wifi yako wa Likoni, mimba ya wiki 30, alinyimwa dawa ya kuzuia uchungu na jirani yake akapewa. Umetaja mwenyewe homa, maji yenye harufu na moyo wa mtoto kwenda mbio. Hiyo yaonyesha kondo la nyuma na utando wake vimevimba kwa maambukizi. Hapo hauzuiliwi uchungu ng'o! Mama huwekwa antibiotiki, mtoto azaliwe. Hata nifedipini, dawa ya kuzuia uchungu aliyopewa jirani, si ya kufikisha miezi tisa. Huchelewesha kuzaa saa 48 hivi, sindano za deksamethasoni zipate kukomaza mapafu ya mtoto. Mtoto wangu alizaliwa wiki 31, sasa anafukuza kunguru pale bustani ya Mama Ngina.