Rollins na Coltrane kwenye Tenor Madness: nani ni nani?

Mkuu, umeuliza utawatofautishaje Sonny Rollins na John Coltrane, wapiga saksafoni ya tenori wa jazz, kwenye Tenor Madness (1956), albamu ya Rollins. Kwanza, usimtafute Coltrane albamu nzima. Yupo kwenye wimbo mmoja tu, ule wenye jina la albamu, wa dakika 12 na ushee. Wengi hununua kwa jina lake kisha wanalalamika.

Solo (sehemu ya mpigaji mmoja kujitamba) ya kwanza ni ya Coltrane: sauti kali, nyembamba kidogo, noti zinamiminika kwa kasi. Rollins anafuata na sauti nene, ya mviringo. Huchukua kipande kifupi cha melodi akakigeuzageuza, na haogopi kunyamaza. Kazi ngumu ni mwishoni wanapopokezana vipande vifupi. Hapo achana na kasi, sikiliza unene wa sauti.

Ukitaka kuunakili kwa sikio ili uupige, ni bluzi ya baa 12 (vipimo 12 vinavyorudiwa) kwenye ufunguo wa Bb. Mwenye saksafoni ya tenori unapiga kwenye C, mwenye alto kwenye G, maana noti zao huandikwa tofauti na zinavyosikika. Punguza kasi hadi asilimia 60 kwa programu isiyoshusha kimo cha noti, la sivyo ufunguo utahama na vidole vitakudanganya. Anza na Rollins. Coltrane ana noti nyingi mno kwa anayeanza.