"Soil" si udongo kila mahali. Usipeleke hiyo kazi kiwandani!

Mkuu, simamisha hiyo kazi. Jumatatu isiende kiwanda cha uchapaji. Umeuliza asili ya neno la Kiingereza "soil" na tofauti yake na "earth", halafu ukagusia kwa kupita tu kwamba kwenye mwongozo wa mbolea unaoutafsiri "night soil" umeiandika "udongo wa usiku". Nilipofika hapo nikaweka kikombe cha chai chini. Njia hiyo nimeshaipita, na niliilipia.

"Night soil" ni kinyesi cha binadamu. Miji kama London, kabla haijawa na mabomba ya maji taka, ilikuwa na watu wa kuzoa mashimo ya vyoo usiku, wenyeji wakiwa wamelala, wakapakia kwenye mikokoteni, na mzigo mwingi ukaishia mashambani kuwa mbolea. Usiku ni saa yao ya kazi, basi. Sasa soma tena sentensi yako: "Usitie udongo wa usiku kwenye bustani ya mboga." Mama mwenye matuta ya mchicha ataelewa nini? Atadhani amekatazwa kuchimba baada ya jua kuzama. Kumbe aliyeandika alikuwa anaonya juu ya mayai ya minyoo, ambayo hukaa hai ardhini miezi na miezi yakisubiri mtu ale kachumbari.

Mimi yangu ilikuwa mwongozo wa kujenga vyoo vya shule. Kwenye jedwali la vifaa kulikuwa na "soil pipe", inchi 4, na chini yake "waste pipe", inchi 2. Nikaandika "bomba la udongo" na "bomba la taka". Nililala vizuri kabisa usiku ule. Fundi bomba akapokea kitabu. Akajiuliza kama mtu yeyote mwenye akili: kinyesi ni udongo au ni taka? Ni taka. Akayaunganisha masinki ya choo yote kwenye bomba la taka, la inchi 2. Yale ya inchi 4 akayalaza uani yatoe tope la mvua, maana si ndiyo ya udongo? Kumbe "soil pipe" ndilo bomba la kinyesi, na "waste pipe" ni la maji ya kunawia.

Usiniambie fundi angeshtuka. Alishtuka! Aliiambia kamati ya ujenzi kwamba tundu la choo ni kubwa kuliko bomba, akajibiwa afuate kitabu, kitabu kimeletwa na wafadhili. Akafunga vipunguzi, vile vya kuunganisha tundu kubwa na bomba dogo, akasakafia juu yake. Shule ilipofunguliwa haikuchukua wiki tatu. Nilipoitwa nikakuta sakafu mpya imepasuliwa kwa nyundo kutoka tundu la kwanza mpaka chemba, watoto wa darasa la kwanza wanapelekwa kujisaidia kwa jirani, na yule fundi amechuchumaa pembeni na kipande cha bomba kilichoziba mkononi. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwalimu, hili neno ulilitoa wapi?" Malipo yangu ya kazi nzima yalikatwa, na kuchapa upya ile kurasa ya jedwali nikatoa mfukoni.

Nililitoa wapi? Kwa mhariri wangu. Nilimuuliza kabla, nina ujumbe wake mpaka leo: "soil" ni udongo, linatoka Kilatini "solum", mjadala umefungwa. Mtu wa miaka mingi kwenye kazi, anaheshimika, na hakufungua kamusi kubwa hata dakika moja! Kibaya zaidi alisema nusu ya kweli, na hiyo ndiyo inayoua, kwa sababu ukienda kuhakiki unaikuta kweli ipo, unarudi umeridhika.

Hayo ni maneno mawili, mkuu, yamevaa kanzu moja. La kwanza ni lile la "solum" ya Kilatini, ardhi iliyo chini ya miguu, likachanganyika njiani na "solium", yaani kiti. Liliingia Uingereza kupitia Kifaransa cha Wanormani, waliouteka utawala mwaka 1066. La pili nalo ni la Kifaransa, lakini ukoo wake ni kuchafua. Waangalie Wafaransa wenyewe, hawajayachanganya mpaka leo: ardhi kwao ni "sol", kuchafua ni "souiller", na "souille" ni dimbwi la tope anamogaagaa nguruwe mwitu. Waingereza ndio walioyafikisha yote kwenye herufi zilezile nne. Huko kwenye dimbwi la nguruwe ndiko zilikotoka "soiled" ya shuka lenye uchafu hospitalini, "soil pipe" yangu, na "night soil" yako.

Kwa hiyo ukikutana na neno hili usiulize maana yake ni nini. Uliza ndani yake kinapita nini, au kimebebwa nini. Mahindi yanaota humo? Udongo. Kinatoka chooni? Kinyesi, na ukiandike kinyesi bila haya. "Earth" vilevile: hilo ni ndugu wa "Erde" ya Wajerumani, linaweza kuwa dunia, ardhi, hata udongo, lakini likiwa karibu na nyaya, kinachopita ni umeme. Hapo ni ethi, waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, na fundi umeme yeyote atakuelewa.

Udongo uwahi ungali maji. Leo hiihii tafuta kila penye "night soil" kwenye faili lako, weka "kinyesi cha binadamu", kisha msomee mkulima mmoja kwa sauti umwulize ameelewa nini. Halafu nitumie hiyo kurasa ya onyo inbox. Mpaka Jumapili usiku niko macho, nitaipitia neno kwa neno.