Kwa nini madaktari wawili wampe mama dawa mbili tofauti za kibofu?

Umeuliza nani yuko sahihi kuhusu kibofu cha mama yako kinachombana ghafla: daktari wa kawaida aliyeandika oksibutinini, au bingwa wa njia ya mkojo aliyebadilisha kuwa mirabegroni. Wa kwanza mara nyingi huangalia bei. Oksibutinini ni ya zamani na nafuu. Shida yake, inazuia asetilikolini (kemikali ya kupitisha ujumbe wa neva) mwili mzima, si kwenye kibofu tu. Mdomo unakauka, choo kinakuwa kigumu, na mzee wa miaka 78 kama mama anaweza hata kuchanganyikiwa. Mirabegroni, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2012, hulegeza kibofu kwa njia nyingine. Ni ghali, na presha lazima ipimwe: ikifika 180/110 bila kudhibitiwa, haifai.

Daktari wa wazee (ukibahatika kumpata) angeuliza kwanza mama anameza nini kingine. Je, yuko kwenye donepezili ya kumbukumbu? Hiyo huongeza asetilikolini na yenyewe inaweza kuleta haja ndogo ya ghafla. Ukiongeza oksibutinini juu yake, dawa mbili zinavutana kamba. Beba dawa zake zote kliniki, hata za mafua na mzio. Usimkatishie mwenyewe.